Kitanda na Kilichomo

Nchi yetu ina jina, tena refu na zuri, lakini kulitaja katika maandishi yasiyo rasmi kunahitaji ruhusa, na ofisi ya kutoa ruhusa hiyo imefungwa kwa ukarabati. Kwa hiyo nitasema nchi yetu tu, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Mimi ni Msellem, mlinzi wa makumbusho, daraja la tatu, katika mji wa pwani uitwao Mkwamani. Sina malalamiko yoyote. Ninaandika haya kwa sababu wageni huniuliza habari za nyumba namba kumi na mbili, na karatasi ninayotakiwa kuwasomea haina habari zenyewe.

Mwaka ule Wizara ya Urithi, Fahari na Fukwe ilitoa waraka kwamba kila wilaya ya pwani iwe na mahali kumi na mbili pa kihistoria pa kutembelewa na watalii, kabla Waziri hajapita kukagua. Wilaya itakayopungukiwa ingehesabiwa kuwa imezembea kuwa na historia.

Kusema kweli Mkwamani hatukuwa na uhaba mkubwa. Tulikuwa na ngome ya kale, ambayo mpaka leo ni gereza, kwa hiyo wanaoingia hukaa muda mrefu. Tulikuwa na mnara wa kuongozea meli, uliozimwa taa ili kubana matumizi ya umeme. Tulikuwa na mizinga miwili ya vita, mmojawapo ukionekana vizuri sana kwenye picha iliyopigwa kabla haujauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na tulikuwa na Makumbusho ya Chumvi, chumba kimoja chenye gunia la chumvi ya enzi za masultani, nililolilinda mimi kwa miaka tisa. Masika moja chumvi iliyeyuka yote ikatoka kwa chini ya mlango. Niliandika kwenye daftari kwamba kielelezo kimeondoka chenyewe, nikasifiwa kwa kukumbuka kuweka tarehe.

Afisa Urithi wetu alikuwa Bwana Nestori Malunde, mtu wa bara, mpole, aliyeogopa vitu viwili: bahari na barua kutoka makao makuu. Alihangaika wiki nzima. Ngome aliihesabu mara mbili, kwa mbele na kwa nyuma. Mahali gari la waziri mmoja wa zamani liliponasa mchangani akapawekea kibao cha shaba. Kwa jitihada hizo akafika kumi na moja, na hapo historia ikamwishia, zikiwa zimebaki siku tatu Waziri afike.

Siku hiyo asubuhi alipita mtaa wa Kichochoroni akitafuta chai, akaiona nyumba ya Bi Mwanakheri.

Ilikuwa nyumba ya mawe na chokaa, ghorofa moja, na mlango wa kuchonga ambao mtu hawezi kuupita bila kuutazama. Bi Mwanakheri alikaa barazani na majiko yake matatu akichoma vitumbua, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mimi nikiwa wa kwenda chuoni na juzuu kwapani. Ndani alikuwamo mumewe, Fundi Shekuwe Lali. Nusu ya milango ya mji wetu aliichonga yeye. Miaka miwili nyuma alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa, na tangu hapo alilala kwenye kitanda cha msaji alichokichonga kwa mkono wake mwenyewe mwaka waliooana. Maneno yalimtoka polepole, lakini yalimtoka, na mengi yalikuwa ya mzaha.

Bwana Malunde hakumaliza chai. Alinituma nilete futi ya kamba na fomu za kuandikisha, na kufikia saa nne tulikuwa ndani tukihesabu vitu. Mimi nilipima na kutaja, yeye akaandika. Mlango, namba moja. Kinu, namba tano. Jiwe la kusagia, namba sita. Tulipofika chumbani, Fundi Shekuwe alikuwa amelala, amejifunika shuka mpaka kichwani kwa sababu ya nzi. Bwana Malunde alikuwa na haraka, na alikuwa amegeukia dirishani akitafuta mwanga wa kuandikia. Akaniuliza kitandani kuna nini. Nikaona aibu kumfunua mtu mzima aliyelala.

Nikasema, "Andika kitanda na kilichomo."

Akaandika hivyo, namba kumi na nne. Bi Mwanakheri muda huo alikuwa nje barazani akigeuza vitumbua, kwa hiyo hakuandikwa popote.

Waziri alikuja. Alipapita mahali pote kumi na mbili kwa dakika arobaini, na pale mbele ya mlango wa Bi Mwanakheri akatoa hotuba ya saa moja na nusu. Alisema Serikali imegundua kwamba zamani tulizonazo hazitoshelezi mahitaji, na kwamba mpango uliopo ni kuziongeza kwa asilimia arobaini katika miaka mitano ijayo. Tulishangilia. Kisha akatia sahihi orodha, na orodha ikachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Na kitu kikishachapishwa humo, katika nchi yetu, kinakuwa kweli kuanzia tarehe ya kuchapishwa.

Nikahamishwa kutoka Makumbusho ya Chumvi, ambako hakukuwa na kazi nyingi, nikapewa funguo za nyumba namba kumi na mbili, kiti, na kofia.

Mambo yalianza vizuri. Bi Mwanakheri aliambiwa moshi unaharibu mawe ya kihistoria, kwa hiyo akahamisha majiko mpaka mtaa wa pili, kando ya mtaro. Kinu na jiwe la kusagia vilizungushiwa kamba. Yeye mwenyewe alipewa kitambulisho cha muda kilichoandikwa "Mhudumu wa Kielelezo Na. 14", na kwa kitambulisho hicho aliruhusiwa kulala ndani. Alikivaa shingoni siku ya kwanza akacheka, akanionyesha. Akasema miaka thelathini na tatu ya ndoa na hakuna aliyewahi kumpa cheti.

Wageni walianza kuja kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Mimi niliwasomea karatasi kutoka makao makuu. Karatasi ilisema kitanda ni cha miaka mia tatu na kwamba alikilalia sultani mmoja usiku wa kuamkia vita. Kila nilipofika hapo, Fundi Shekuwe alikuwa akisema kwa kituo, neno moja moja, "Nilikichonga mimi."

Wageni walicheka sana. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Baadhi yao walimuuliza sultani alikuwa mtu wa namna gani, naye akawaambia alikuwa mzito wa kulipa.

Wiki ya tatu ikaja barua. Ilisema imeripotiwa kwamba kielelezo namba kumi na nne kinapotosha historia mbele ya wageni, na kwamba kielelezo kinachosema ni kinyume cha kanuni, kwa kuwa kazi ya kueleza ni ya mlinzi. Bwana Malunde aliisoma mara mbili, akaniomba nimpelekee Fundi mwenyewe, kwa sababu yeye alishindwa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, ingawa kukaa ni marufuku, nikamweleza Fundi Shekuwe kwamba wanamwomba anyamaze saa za kazi. Kisha akaniuliza kama baada ya saa kumi anaweza kusema. Nikasema baada ya saa kumi hakuna tatizo. Akasema sawa, maneno yake atakuwa anayaweka.

Na kweli alinyamaza. Kutwa nzima alilala akitazama dari, wageni wakipita, wengine wakimpiga picha, na nikifunga mlango tu saa kumi nilimsikia akianza kumsimulia mkewe yote aliyoyaweka tangu asubuhi. Nilikuwa nikisikia vicheko vyao mpaka njiani.

Kipupwe kilipoingia akashikwa na homa. Siku ya pili kifua kikaanza kuvuma, siku ya tatu hakula. Bi Mwanakheri akaniambia anataka kumpeleka hospitali. Hospitali ya wilaya iko hapo hapo. Ukisimama dirishani pa chumba kile unaona nguo za wagonjwa zimeanikwa.

Nilimwambia asubiri kidogo, nikaenda ofisini kumweleza Bwana Malunde. Aliinuka mara moja kuchukua kofia yake, halafu akakaa tena. Alifungua kabati, akatoa kanuni, akasoma. Kielelezo chochote kilichotangazwa hakitatolewa nje ya jengo bila kibali cha makao makuu, na atakayekitoa, na atakayeona kinatolewa akanyamaza, atafungwa miaka saba katika ngome, ule upande wa nyuma.

Nikamwambia kwamba huyu ni Fundi Shekuwe.

"Mimi najua ni Fundi Shekuwe," akasema. "Wewe unajua, mji mzima unajua. Lakini Gazeti linasema kilichomo, na kilichomo ni yeye. Nikiandika kwamba si yeye, nitakuwa nimesema Waziri alitia sahihi uongo."

Alipiga simu makao makuu palepale. Walimsikiliza kwa heshima, wakamtumia Fomu ya Kuhamisha Kielelezo. Tuliijaza pamoja, mimi na yeye, na tulijitahidi sana. Iliuliza uzito, urefu, na idadi ya vipande. Tukaandika kipande kimoja. Iliuliza kitafungwa kwa maboksi au kwa majani makavu. Iliuliza kama kina wadudu. Mwisho ilitaka mtaalamu anayekipokea athibitishe kwa sahihi kwamba kitarudishwa katika hali ileile kiliyotoka nayo.

Hapo tukakwama. Nilipeleka fomu kwa Dokta Salha Mbwera, daktari wa zamu, akaisoma akiwa amesimama. Akasema hawezi kutia sahihi hiyo, kwa kuwa mgonjwa akirudi katika hali ileile itakuwa yeye hakufanya kazi. Nikamrudishia Bwana Malunde jibu. Bwana Malunde akauliza makao makuu kama kielelezo kinaweza kurudi katika hali iliyo bora zaidi. Makao makuu wakasema kuboresha ni kuharibu uhalisi, na zaidi ya hapo wakataka kujua: je, kuna hatari ya kielelezo kupona kabisa kikashuka kitandani? Kwa sababu hapo kitanda kingebaki bila kilichomo, na orodha ingekuwa na pengo.

Alasiri ile Dokta Salha alikuja mwenyewe, ametoka kazini, na mkoba wake wa vifaa. Ilikuwa saa tisa na nusu, saa za wageni bado. Kanuni inasema mikoba ya wageni iachwe mlangoni, nami nikamwambia, na akauacha, akanitazama kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa tena. Chumbani kulikuwa na kamba. Kugusa marufuku. Alivuka kamba akapiga magoti, akaweka sikio lake juu ya kifua cha Fundi Shekuwe, akasikiliza. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta nikiukagua. Ule ukuta niliukagua vizuri sana.

Alipoinuka alimwambia Bi Mwanakheri kwamba mapafu yamejaa, kwamba dawa za kunywa hazitatosha, anahitaji sindano na hewa ya mtungi, na mtungi hautoki hospitali kwa kuwa upo mmoja. Akasema, "Mleteni kesho, isizidi kesho."

Kesho yake adhuhuri, watu wametoka kuswali, walikuja wanaume wanne wa mtaani na blanketi nzito. Hawakuniambia kitu. Walipita, wakaingia chumbani, wakampakia Fundi Shekuwe kwenye blanketi na kila mmoja akashika pembe yake. Bi Mwanakheri alitangulia mbele amebeba chupa ya uji na kanga mbili. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mlango ule ni mwembamba. Mtu mmoja akisimama katikati, hawapiti watu wanne.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri mengi. Sikufikiri. Nilikuwa na watoto watano, na upande wa nyuma wa ngome niliujua, nilikwisha kuwapitisha wageni huko.

Bi Mwanakheri aliniambia nipishe. Nikasema funguo ninazo lakini kibali sina.

"Msellem, mwanangu," akasema, "sikukuomba kibali. Nimekuomba unipishe."

Sikuondoka. Wale wanaume walikuwa watu wa kazi, wangeweza kuniinua na kuniweka kando kama gunia, na nafikiri walikuwa wanakaribia kufanya hivyo. Nilikuwa nikiwaombea wafanye. Mtu akiondolewa kwa nguvu hajanyamaza, kanuni haimkamati. Lakini ndani ya blanketi Fundi Shekuwe aliinua mkono wake mzima. Walisubiri, kwa sababu maneno yake yalihitaji kusubiriwa.

"Nirudisheni," akasema. Akapumua. "Huyu ana wanawe."

Bi Mwanakheri akamwambia, Fundi, usiseme hivyo, Msellem si mtoto, ajibebee yake. Fundi akarudia neno lile lile, nirudisheni. Walisimama pale kwa muda mrefu, pembe nne za blanketi zimekazana, jasho linawatiririka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka. Mwishowe waligeuka. Walimrudisha kitandani, Bi Mwanakheri akamfunika, na mimi nikaandika kwenye daftari, saa saba na robo, hakuna tukio.

Alifariki siku ya pili kabla ya jua kuchomoza. Mkewe alikuwa naye. Nilipofika kufungua nikawakuta wanawake wamejaa barazani.

Sasa likaja suala la maziko, na watu wetu huzika mapema. Bwana Malunde alifika. Alisema hajui kama kielelezo kinaweza kuzikwa, na alikuwa akilia aliposema hivyo. Hakuwa mtu mbaya, ni lazima niliseme hili. Alirudi ofisini kupiga simu, na huko akakuta kibali kimefika kwa basi la usiku. Makao makuu walikuwa wamekubali. Kibali kilisema kielelezo namba kumi na nne, sehemu ya pili, kiruhusiwe kutoka nje ya jengo kwa matengenezo kwa muda wa siku kumi na nne, kisipigwe na jua, na kisiwekwe mahali penye unyevu.

Tukamtoa kwa kibali hicho. Nilifungua mlango wote, vipande viwili, na nilibeba jeneza kwa sehemu ya njia. Hakuna aliyenikataza.

Siku kumi na nne zilipopita, barua ikaja kuuliza kwa nini kielelezo hakijarejeshwa. Bwana Malunde alijibu kwamba matengenezo yanaendelea. Kila wiki mbili huandika barua hiyo hiyo na kubadilisha tarehe, na makao makuu hujibu kwamba wanaridhika na maendeleo.

Bi Mwanakheri yeye hakupata barua. Aliambiwa kwa mdomo, na mimi. Kitambulisho chake kilikuwa cha mhudumu wa kielelezo, na kielelezo hakipo, hivyo hakuna cha kuhudumiwa. Katika orodha jina lake halimo, na asiyekuwamo kwenye orodha, baada ya saa kumi, ni mgeni aliyepitiliza muda. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu kama nguo zake zimo kwenye orodha. Nikatazama, nikasema hazimo. Akafunga nguo zake kwenye shuka, akakivua kitambulisho akakiweka juu ya kiti changu, akaenda kukaa kwa dada yake upande wa pili wa mji.

Siku ya arobaini alirudi. Ilikuwa kama saa tano, watalii ishirini hivi wamo ndani, na karatasi nilikwisha kuisoma. Alikuwa amevaa buibui safi. Wenyeji huingia bure siku za Alhamisi, na ile ilikuwa Alhamisi, nikafurahi kwamba sikulazimika kumdai kitu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumsomea marehemu pale kitandani. Nilimwambia shughuli za dini ndani ya makumbusho zinahitaji barua. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akaenda akasimama kwenye kamba, akaanza kusoma.

Alisoma Yasini yote kwa moyo, kwa sauti ya kawaida, bila kulia. Mtalii mmoja alimvuta mwenzake wakasogea kando wasimzibe kwenye picha. Nilikuwa karibu, ningeweza kumsimamisha, kanuni ilinitaka nimsimamishe. Nilitazama saa yangu mpaka akamaliza.

Alipoinua mikono akaomba dua, kisha akapangusa uso kwa viganja, watalii walipiga makofi. Walipiga kwa moyo kweli, na mzee mmoja wa kigeni alikuwa na machozi machoni. Wengine walinigeukia kuniuliza onyesho hilo huwa mara ngapi kwa wiki.

Bi Mwanakheri aliwatazama, mmoja mmoja. Kisha alitazama huku na huku, kwa kuwa wizara ilikuwa imeziba mlango wa uani na kujenga ukuta wa kuuzia picha pale ilipokuwa ngazi.

Akaniuliza njia ya kutokea iko wapi. Nikamwonyesha.